Upungufu wa Watumishi wa Afya Tanzania Bara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina tatu: wananchi wanaokuta foleni ndefu na nesi mmoja, wahitimu wanaosubiri ajira, na watumishi wenyewe walio kazini. Majibu yanahusu zaidi zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri, kwa sababu huko ndiko Watanzania wengi wanakoanzia kutibiwa.

## Mambo ya msingi

1. Zahanati inatakiwa kuwa na watumishi wangapi?

Idadi inayotakiwa huitwa ikama. Kwa mwongozo wa ikama uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2014, zahanati inatakiwa kuwa na watumishi 15 hadi 20, na kituo cha afya 39 hadi 52, wakigawanyika kwa kada: matabibu, wauguzi, watu wa maabara, wa dawa, wahudumu wa afya na wengineo.

Ukifika vijijini utakuta zahanati nyingi zina watu wawili, watatu au wanne. Ukikuta saba, mara nyingi iko jirani na barabara ya lami. Kwa hiyo mtu akisema "kwetu hakuna shida, daktari yupo na nesi yupo", anaeleza zahanati yenye pungufu kubwa sana. Na huyo anayeitwa daktari kwa kawaida ni tabibu, aliyesoma chini ya shahada ya udaktari. Anafanya kazi kubwa, na pengine hajawahi kupata wa kumpokea.

2. Mbona tunaambiwa kuna upungufu, huku mitaani wamejaa vijana waliosomea afya hawana kazi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na lina haki ya kuulizwa kwa hasira. Mambo mawili hutajwa kwa jina moja la upungufu. La kwanza ni mahitaji: wagonjwa ni wengi kuliko mikono ya kuwahudumia. La pili ni nafasi zenye mshahara: viti ambavyo Hazina imetenga fedha za kumlipa atakayekaa. Nchi inaweza kuwa na mahitaji makubwa, wahitimu wengi, na viti vichache vya kulipiwa kati yao. Tanzania iko hapo.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2017. Machi mwaka huo, wakati Kenya imetoka kwenye mgomo mrefu wa madaktari, Rais John Magufuli alikubali ombi la kupeleka madaktari 500 wa Tanzania wakafanye kazi huko. Vijana wakaomba. Mahakama ya Kenya ikasimamisha mpango huo, na mwezi uliofuata Rais akaagiza madaktari 258 walioomba kwenda Kenya waajiriwe papo hapo nyumbani. Fikiria maana yake. Madaktari hao walikuwepo siku zote, wana vyeti, wako tayari kusafiri hadi nchi jirani, na hospitali zetu zilikuwa zikiwahitaji. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuwalipa, na ulipofanyika, ulifanyika ndani ya siku chache.

Kwa hiyo suala la kufungua vyuo zaidi, ambalo viongozi hupenda kulitaja, linajibu sehemu ndogo ya tatizo. Kuna kada ambazo kweli hazina watu wa kutosha: wataalamu wa usingizi na madaktari bingwa wa fani kadhaa. Lakini kwa wauguzi, matabibu na wateknolojia wa maabara, watu wapo. Jinsi nafasi inavyopatikana tumeeleza katika swali la 5.

3. Upungufu huu ulianza lini?

Mwaka 1993 Serikali, ikiwa katikati ya masharti ya kubana matumizi, ilisitisha ajira mpya katika utumishi wa umma na kupunguza waliokuwepo. Hali hiyo iliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Waliostaafu hawakuzibwa, waliohitimu hawakuajiriwa, na ndicho kipindi ambacho UKIMWI ulikuwa unajaza wodi na kuwachukua watumishi wenyewe.

Mwaka 2007 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wenye lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Lengo jema kabisa. Wananchi walichanga, walisomba mawe na mchanga, walipandisha kuta. Majengo yakaenda haraka kuliko ajira. Mwaka wa fedha 2018/19 zikaanza kujengwa hospitali mpya 67 za halmashauri, na baadaye vituo vya afya vya fedha za tozo. Kila jengo jipya, siku linapozinduliwa, huhamisha watu kutoka jengo la zamani.

Katikati ya hapo kulikuwa na 2016 na 2017. Ajira zilisimama kupisha uhakiki wa watumishi hewa, kisha tarehe 28 Aprili 2017 ikatolewa Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakiwamo wa afya. Mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa na mtu aliyesoma kweli, hilo halina mjadala. Lakini kuna zahanati zilizobaki na mtu mmoja wiki ile, na hakuna mbadala aliyefika kwa miezi mingi.

Na idadi ya watu haisubiri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Hata tungeajiri kwa kasi ileile kila mwaka, tungekuwa tunarudi nyuma.

4. Mwajiri wa nesi wa zahanati yetu ni nani, Wizara ya Afya au TAMISEMI?

Ni halmashauri yako, iliyo chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri zote ziko huko. Hospitali za rufaa za mikoa, za kanda na ya taifa Muhimbili ziko upande wa Wizara ya Afya, ambayo pia ndiyo inayotunga sera na miongozo. Mgawanyo huu unaeleza kwa nini malalamiko hupigwa danadana: Wizara hutoa kiwango, TAMISEMI ndiyo yenye watumishi, Utumishi, yaani ofisi inayosimamia watumishi wa umma, hutoa kibali, Hazina hulipa.

## Ajira na vibali

5. Nafasi iko wazi miaka mitatu. Kwa nini haijazwi?

Kwa sababu kuwa wazi kwenye ikama hakutoshi. Kila mwaka halmashauri huandaa makisio ya watumishi na bajeti ya mishahara, ambayo maofisini huitwa PE. Makisio huenda Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, yanajadiliwa pamoja na Hazina, yanakatwa, kisha kibali kinatolewa kwa idadi fulani. Halmashauri iliyoomba watu 120 inaweza kupata sehemu ndogo tu ya hao. Baada ya hapo hufuata tangazo, maombi, usaili, kupangiwa vituo, kuripoti, na kuingizwa kwenye mfumo wa mishahara.

Ajira hutoka kwa mafungu. Aprili 2022 zilitangazwa nafasi 7,612 za kada za afya. Aprili 2023 zilikuwa 8,070. Ni idadi kubwa, na zilisaidia. Zigawanye kwa halmashauri 184 utaona kwa nini kijijini hamkuona tofauti: wastani wa 2023 ni watu wasiozidi 44 kwa halmashauri moja, na halmashauri moja inaweza kuwa na vituo vya kutolea huduma zaidi ya hao.

Kinachobana zaidi ni ukubwa wa jumla wa mishahara ya Serikali. Kila nyongeza kwa walio kazini na kila ajira mpya hutoka mfuko mmoja. Mei Mosi 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma kilitangazwa kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ilistahili. Lakini anayepanga bajeti akimaliza kulipa hiyo ndipo anapoangalia kilichobaki cha ajira mpya. Nchi za Afrika zilikubaliana Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na kwetu kiwango hicho kimebaki kuwa ahadi.

6. Mtumishi akistaafu au kufariki, nafasi yake hujazwa papo hapo?

Hapana. Huombewa kibali cha ajira mbadala, ambacho kwa kawaida ni chepesi kuliko cha nafasi mpya kwa sababu fedha za mshahara zilikuwepo. Ofisi ya utumishi ya halmashauri inatakiwa kuwajua wote watakaostaafu mwaka unaofuata. Tarehe zao za kuzaliwa zipo kwenye mfumo. Kuchelewa kuwaombea mbadala hakuna sababu inayokubalika.

7. Nikijitolea zahanati nitapewa kipaumbele cha ajira?

Hakuna sheria inayomhakikishia ajira anayejitolea. Unapata uzoefu, na unapata watu wa kukushuhudia. Ukijitolea, hakikisha una barua ya halmashauri, leseni hai ya baraza lako la taaluma, na makubaliano ya maandishi ya nauli na chakula.

Kuna zahanati ambazo zisingefunguliwa Jumamosi bila vijana hawa. Wanazalisha, wanachanja, wanajaza rejista, mwisho wa mwezi wanaomba nauli kwa wazazi. Utaratibu unaotegemea kazi ya bure ya kijana aliyesoma kwa mkopo unamdhulumu, na anayeusimamia anajua hivyo.

8. Kituo chetu kina makusanyo. Tunaweza kuajiri wenyewe?

Kwa mkataba wa muda, ndiyo, kwa idhini ya halmashauri na kwa kufuata taratibu za utumishi. Tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, jambo lililovipa vituo nguvu ya kupanga. Hata hivyo fedha hizo zina matumizi yake yaliyopangwa, na kwa mishahara ya mkataba mara nyingi hutegemewa makusanyo ya ndani. Hospitali yenye wagonjwa wengi wa bima inaweza. Zahanati ya kijijini inayokusanya kidogo haiwezi. Hivyo njia hii huwanufaisha waliokwisha kuwa afadhali.

## Kazini

9. Kwa nini mnasema wodi ya wazazi inahitaji wauguzi watano kwa nafasi moja? Si wawili wangepokezana?

Tupige hesabu. Wodi ya wazazi haifungwi. Kuwa na muuguzi mmoja tu hapo muda wote ni saa 24 kwa siku 7, yaani saa 168 kwa wiki, saa 8,736 kwa wiki 52.

Mtumishi mmoja hufanya saa 40 kwa wiki, sawa na 2,080 kwa mwaka. Toa likizo yake ya siku 28, ambayo ni wiki nne: saa 160. Toa sikukuu, tuseme siku 15: saa 120. Toa siku 8 za kuumwa, misiba na semina: saa 64. Zinabaki 1,736. Gawa 8,736 kwa 1,736, unapata watano na kidogo.

Watano kwa nafasi moja, na mzazi akitoka damu muuguzi mmoja hatoshi. Kituo chenye wauguzi watatu kwa wodi yote kinachofunguliwa usiku na mchana kinaendeshwa kwa saa za ziada ambazo mtu anazitoa mwilini mwake. Mmoja wao akijifungua, ana haki ya likizo ya siku 84, au 100 akipata mapacha, na hakuna anayeletwa kumshikia nafasi. Wawili wanaobaki hugawana usiku wake.

10. Kwa nini nesi mmoja ndiye anapima, anachanja, anazalisha na anaandika?

Kwa sababu yuko peke yake na kazi zote zimekuja kwa wakati mmoja. Chukua Jumanne ya kliniki kwenye zahanati ya watu wawili. Tabibu ameitwa halmashauri kupeleka taarifa. Kwenye benchi wamekaa akina mama na watoto wa chanjo; chanjo ya surua ikishachanganywa ina saa sita tu, kwa hiyo hawezi kufungua chupa ovyo. Anaingia mama mwenye uchungu. Nesi anampima, anaanza kujaza patografu, chati ya kufuatilia uchungu, ambayo inamtaka asikilize mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Kati ya mapigo hayo anarudi kwenye chanjo. Mtoto akizaliwa, kuna MTUHA, vitabu vya takwimu za huduma: kitabu namba 12 cha uzazi, namba 13 cha baada ya kujifungua, namba 7 cha watoto, namba 6 cha wajawazito waliokuja siku hiyo. Asipojaza, dawa na chanjo za mwezi ujao zitaagizwa kwa takwimu pungufu. Akijaza kwanza, mama yuko peke yake chumbani.

Usiku anajaza patografu kwa kukumbuka. Kila mkaguzi analijua hilo, na kila mkaguzi huandika "mtumishi aelekezwe umuhimu wa patografu". Anaufahamu umuhimu huo kuliko sisi sote. Anachohitaji ni mwenzake.

11. Mhudumu wa afya anaruhusiwa kuzalisha au kuchoma sindano?

Kwa taaluma yake, mhudumu wa afya ni msaidizi: usafi, kutayarisha vifaa, kumhudumia mgonjwa kitandani. Kisheria ukunga ni wa muuguzi au mkunga aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kwa hali halisi, kuna vijiji ambako mhudumu ndiye aliyepo saa nane usiku, na mama hawezi kuambiwa arudi kesho.

Kugawana majukumu kwenyewe si jambo baya likipangwa. Tanzania ilianza kufundisha waganga wasaidizi, yaani matabibu walioongezewa mafunzo, mwaka 1963, na kwa miongo mingi wao ndio walioshika visu wilayani. Utafiti wa data za 2006 katika mikoa ya Mwanza na Kigoma ulionyesha kwamba waganga wasaidizi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji mkubwa wa uzazi, na matokeo yao yalilingana na ya madaktari. Walifundishwa, walisimamiwa, walitambuliwa. Mwongozo wa kugawana majukumu wa 2016 unafuata njia hiyohiyo: jukumu lihamishwe pamoja na mafunzo na usimamizi. Kumwachia mhudumu wodi bila hayo ni kumtelekeza yeye na mgonjwa, na likitokea la kutokea, anayeitwa kujieleza ni yeye.

12. Nimelemewa. Nijilinde vipi mimi na mgonjwa wangu?

Andika. Kitabu cha makabidhiano ya zamu kionyeshe mlikuwa wangapi, wagonjwa wangapi, na kipi hakikufanyika kwa sababu gani. Mjulishe mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, kwa maandishi kabla ya tukio, na ubaki na nakala. Mpe rufaa mapema mgonjwa usiyeweza kumfuatilia. Rufaa ya mapema haijawahi kuwa uzembe. Na usikubali kujaza rejista kwa huduma ambayo haikutolewa, hata ukiambiwa ni "kwa ajili ya viashiria".

Wafawidhi nanyi: ratiba ya zamu inayompa mtu mmoja usiku wiki mbili mfululizo kwa sababu hana watoto haikubaliki.

13. Posho ya kuitwa kazini na saa za ziada hulipwa na nani?

Hutegemea kituo: bajeti ya halmashauri au makusanyo ya kituo. Viwango hutolewa kwa waraka, lakini fedha zisipokuwepo waraka haulipi. Madai yaandikwe kila mwezi, yasainiwe na mfawidhi, yasilundikwe mwaka mzima. Deni lisilo na karatasi haliwezi kuhakikiwa.

14. Watumishi wa afya wanaruhusiwa kugoma?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaiweka huduma ya afya, pamoja na maabara zake, kwenye huduma muhimu ambazo mgomo umezuiwa, isipokuwa pakiwa na makubaliano ya kiwango cha chini cha huduma wakati wa mgomo yaliyoridhiwa na Kamati ya Huduma Muhimu. Madaktari waligoma mwaka 2012 na wagonjwa waliumia. Njia zilizopo ni mabaraza ya wafanyakazi na vyama vya wafanyakazi kama TUGHE na TALGWU, na kwa wanataaluma MAT ya madaktari na TANNA ya wauguzi. Kumnyima mtu haki ya kugoma kunamdai mwajiri asikilize mapema zaidi kuliko kwingine, na hilo halifanyiki vya kutosha.

## Nani yuko wapi, na kwa nini haondoki au haendi

15. Kwa nini mijini wamerundikana na pembezoni hakuna mtu?

Sababu zinafahamika: shule za watoto, kazi ya mwenza, umeme, mtandao, chuo cha kujiendeleza. Kuna vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Uvinza, ambako safari ya kwenda na kurudi ni ya boti. Kumpangia huko binti wa miaka 24, bila nyumba, zahanati ikiwa na yeye na mhudumu mmoja, ni kumpa mtihani ambao waliompangia wasingeukubali.

Kinachosaidia kimeshaonekana: nyumba ya mtumishi iliyo tayari siku anayoripoti, watu wawili wapya kwa pamoja badala ya mmoja, fedha za kujikimu zinazolipwa anapofika, na kuajiri waliozaliwa maeneo hayo. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilipeleka watumishi wa mkataba kwenye wilaya ngumu kwa mpango wa aina hiyo. Kati ya yote, nyumba ndiyo ningeanza nayo. Kijiji kinaweza hata kuitafuta kabla ya halmashauri.

16. Naweza kuhama lini?

Matangazo ya ajira yamekuwa yakisisitiza kwamba mwajiriwa mpya akae kituo cha kwanza miaka mitatu. Baadaye unaomba kupitia mfumo wa watumishi wa ESS, na waajiri wote wawili wakubali. Kubadilishana na mtu wa kada yako ndiyo njia rahisi, kwa sababu hakuna kituo kinachobaki na pengo. Kumfuata mwenza na matibabu ni sababu zinazosikilizwa, ukiwa na vielelezo.

17. Mtumishi mpya akiripoti kisha akatoweka, nafasi inapotea?

Halmashauri itoe taarifa mapema ili mshahara usimamishwe na nafasi iombewe mbadala. Ikikaa kimya, mambo mawili mabaya hutokea kwa pamoja: anazaliwa mtumishi hewa, na kwenye karatasi zahanati inaonekana ina mtu.

18. Nataka kwenda kufanya kazi Uingereza au Ghuba. Nawasaliti wenzangu?

Hapana. Kwenda kutafuta maisha ni haki yako, na nchi ambayo haijakuajiri haiwezi kukulaumu. Ujue tu kwamba Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa zaidi wa watumishi. Nchi zinazofuata kanuni za shirika hilo za mwaka 2010, Uingereza ikiwamo, haziruhusu mawakala kuja kuajiri kwa kampeni katika nchi hizo, ila mtu binafsi anaweza kuomba mwenyewe. Wakala anayekudai fedha ili akuvushe, achana naye.

## Hali za pembeni

19. Hospitali ya kanisa kwetu ni hospitali teule. Watumishi wake ni wa Serikali?

Baadhi. Mkataba wa huduma huiwezesha Serikali kulipa mishahara ya sehemu ya watumishi, wengine wakilipwa na mmiliki. Ndiyo maana wodi moja huwa na wauguzi wawili wa kazi ileile na masharti tofauti. Serikali ikitangaza ajira nyingi, hospitali hizi hukimbiwa, kwa sababu pensheni na uhakika wa ajira viko upande wa pili. Mwananchi hapati mtumishi mpya hapo. Anapata yuleyule jengo jingine.

20. Zanzibar nayo iko hivi?

Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake, utumishi wake na taratibu zake za ajira. Usitumie majibu ya ukurasa huu kuombea kazi Mnazi Mmoja.

21. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii watachukua kazi za wauguzi?

Hapana, wala wasitumiwe hivyo. Mpango jumuishi uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wakitembelea kaya. Mhudumu mzuri huongeza wagonjwa zahanati kwa muda: anamwona mjamzito aliyejificha, anamleta kliniki. Hiyo ni habari njema inayohitaji mtu wa kumpokea pale dirishani.

22. Na kambi za madaktari bingwa?

Zinasaidia sana waliofikiwa, na madaktari wa wilaya hujifunza. Bingwa akiondoka, wodi hurudi ilivyokuwa. Zisihesabiwe kama ajira.

23. Waliolipwa na miradi wakiondolewa, nani anashika kazi zao?

Waliobaki. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kliniki nyingi za tiba na matunzo kwa wenye VVU zilipoteza watu wa ushauri nasaha, takwimu na ufuatiliaji wa wagonjwa. Halmashauri zilizokuwa zimewaweka watu hao kwenye mipango yao ya ikama mapema zilikuwa na hoja ya kuombea kibali. Zilizowaona kama wa mradi tu zilianza upya.

24. Nesi amenijibu vibaya. Nivumilie kwa sababu amechoka?

Usivumilie. Uchovu unaeleza, hauhalalishi, na mama aliyetukanwa leo atajifungulia nyumbani mara nyingine. Lalamika kwa mganga mfawidhi, kisha kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi, kisha Mganga Mkuu wa Halmashauri, ambaye wengi humwita DMO. Sema tukio, tarehe na saa. Na kwenye barua hiyohiyo andika walikuwepo watumishi wangapi zamu ile.

25. Kijiji kifanye nini ili tupate mtumishi?

Muulizeni diwani, kwenye mkutano wa hadhara, maswali matatu: ikama ya zahanati yetu ni watu wangapi, waliopo ni wangapi, na halmashauri imetuombea wangapi kwenye bajeti ya mwaka ujao. La tatu ndilo la muhimu zaidi. Ulizeni kabla ya makisio kupelekwa juu. Baada ya hapo mtakuwa mnaomba ya mwaka unaofuata. Kisha andaeni nyumba, kama tulivyosema katika swali la 15, na muhtasari wa mkutano upelekwe halmashauri ukiwa na muhuri wa kijiji.